Vyombo vya Usafiri katika Kifini: Mwongozo Kamili wa Maumbo ya Uhusika kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kifini, awe anaishi Helsinki, Turku au Oulu, hukutana mapema na jambo linaloweza kumkatisha tamaa: neno *auto*, yaani gari, ambalo alilikariri kwa dakika moja, halionekani tena lilivyokuwa. Katika sentensi moja ni *auton*, katika nyingine ni *autoa*, kisha *autossa*, *autosta*, *autoon* na *autolla*. Kwa hesabu ya kawaida ya vitabu vya sarufi, Kifini kina maumbo 15 ya uhusika, ambayo Wafini wenyewe huyaita *sijamuodot*, na kila umbo hubeba kazi ambayo Kiswahili huipa kitenzi, kihusishi au mpangilio wa maneno. Mwongozo huu unayapitia maumbo hayo kwa msamiati wa magari, mabasi, treni na baiskeli, kwa kuwa vyombo hivi mtu huingia na kutoka, huvipanda, huviendesha, huvinunua, huviazima na kuvipeleka gereji, na karibu kila kitendo kati ya hivyo kinadai umbo lake.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote. Kiswahili huuweka mwelekeo ndani ya kitenzi, ilhali Kifini huuweka mwishoni mwa nomino. Tunasema “niko garini”, “naingia garini” na “natoka garini”. Kiambishi *-ni* hakibadiliki hata kidogo, na ni kitenzi kinachomwambia msikilizaji kama mtu yuko ndani, anakwenda ndani au anatoka. Mfini husema *olen autossa*, *menen autoon*, *tulen autosta*, na hata ukikifuta kitenzi, nomino peke yake ingali inaeleza mwelekeo. Kwa sababu hiyo, kitenzi cha Kifini kisikaririwe pekee. Kikaririwe pamoja na umbo la nomino kinalolidai, kama vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba moja.

Hatua ya kwanza: chagua irabu inayolingana

Viambishi vingi vya Kifini vina sura mbili, moja yenye *a* na nyingine yenye *ä*. Neno lenye *a*, *o* au *u* huchukua *-ssa*, *-sta*, *-lla*, na neno lenye *ä*, *ö* au *y* huchukua *-ssä*, *-stä*, *-llä*. Hivyo tunapata *autossa* “ndani ya gari”, *junassa* “ndani ya treni” na *metrossa* “ndani ya metro”, lakini *pyörässä* “kwenye baiskeli”. Irabu *e* na *i* haziegemei upande wowote, kwa hiyo neno lenye hizo peke yake huchukua sura ya *ä*: *dieselissä*, *jeepissä*, *bensiiniä*. Neno *bussi* lina *i* mwishoni, lakini *u* iliyo mwanzoni ndiyo inayoamua, na umbo lake ni *bussissa*.

Tahadhari inahitajika kwenye maneno ambatano, ambayo Kifini kinayo kwa wingi mno. Hapo huangaliwa sehemu ya mwisho tu. *Polkupyörä*, jina kamili la baiskeli, huanza na *o* na *u*, lakini huishia na *pyörä*, kwa hiyo umbo sahihi ni *polkupyörällä* “kwa baiskeli”. Kinyume chake, *henkilöauto* “gari dogo la abiria” lina *ö* katikati, lakini kwa kuwa linaishia na *auto*, tunasema *henkilöautossa*.

Mswahili asiione kanuni hii kuwa ngeni, kwa sababu lugha yake hufanya jambo la jinsi hiyohiyo kwenye kauli ya kutendea: *funga* huzaa *fungia*, ilhali *soma* huzaa *somea*, na hakuna mtoto wa Tanga au Mombasa anayesimama kwanza kutafuta irabu.

Hatua ya pili: angalia konsonanti iliyo katikati ya neno

Kiambishi kinapoifunga silabi ya mwisho ya shina kwa konsonanti, konsonanti *k*, *p* na *t* zilizo mwanzoni mwa silabi hiyo hudhoofika. Zilizo maradufu hubaki moja: *akku* “betri” huwa *akun* na *akussa*, *ratti* “usukani” huwa *ratin* na *ratissa*, *rekka* “lori kubwa la mizigo” huwa *rekan* na *rekalla*, *pysäkki* “kituo cha basi” huwa *pysäkillä*, *ajokortti* “leseni ya udereva” huwa *ajokortin*. Nyingine hubadilika kuwa sauti tofauti: *katu* “barabara ya mtaani” huwa *kadulla*, *huolto* “sevisi” huwa *huollossa*, na *rekisterikilpi* “pleti ya namba” huwa *rekisterikilven*.

Kuna maumbo yanayoiacha konsonanti na nguvu zake, nayo ni muhimu kuyajua kwa sababu hutumika kila siku. Partitiivi, yaani umbo la yambwa isiyokamilika au iliyokanushwa tutakalolieleza katika hatua ya tano, haiifungi silabi, hivyo tunapata *akkua*, *rattia*, *rekkaa*. Illatiivi, yaani umbo la kuingia ndani, nayo huiacha ilivyo: *akkuun*, *rattiin*, *rekkaan*, *huoltoon*. Gari lililopo sevisi liko *huollossa*, linalopelekwa sevisi linakwenda *huoltoon*, na linalorudi linatoka *huollosta*. Ukiyatamka maneno hayo matatu kwa sauti mara kadhaa, sikio litaishika kanuni kabla akili haijaieleza.

Neno *rengas* “tairi” huenda kinyume. Umbo lake la msingi ndilo dhaifu, na maumbo mengine hurudisha nguvu: *renkaan*, *renkaassa*, *renkaat*, ilhali partitiivi ya umoja ni *rengasta*. Nashauri neno hili likaririwe mapema na kwa ukamilifu, kwa sababu nchini Ufini hakuna mwenye gari anayeweza kuishi bila kulitamka. Sheria ya barabara iliyoanza kutumika mwaka 2020 inataka gari liwe na *talvirenkaat*, matairi ya majira ya baridi, kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Machi pale hali ya hewa au ya barabara inapolazimu, na hata muda huo husemwa kwa maumbo ya mahali: *marraskuun alusta maaliskuun loppuun*, yaani “kutoka mwanzo wa Novemba kuingia mwisho wa Machi”.

Hatua ya tatu: yashike maumbo sita ya mahali

Haya ndiyo moyo wa mwongozo huu. Yamegawanyika katika makundi mawili ya matatu matatu, moja la ndani na jingine la nje au la juu ya kitu.

Kundi la ndani:
*autossa* (inessiivi): ndani ya gari, mtu au kitu kikiwa kimetulia humo;
*autosta* (elatiivi): kutoka ndani ya gari;
*autoon* (illatiivi): kuingia ndani ya gari.

Kundi la nje:
*autolla* (adessiivi): kwenye gari, au kwa gari;
*autolta* (ablatiivi): kutoka kwenye gari;
*autolle* (allatiivi): kwenda kwenye gari, au kwa ajili ya gari.

Illatiivi ndiyo pekee kati ya sita isiyo na kiambishi kimoja. Maneno mengi hurefusha irabu ya mwisho na kuongeza *n*: *autoon*, *junaan*, *bussiin*, *pyörään*. Neno ambalo shina lake huishia na irabu ndefu huchukua *-seen*: *lentokone* “ndege” shina lake ni *lentokonee-*, kwa hiyo *lentokoneeseen*, vivyo hivyo *veneeseen* “kuingia kwenye boti” na *renkaaseen* “kwenye tairi”. Neno ambalo sehemu yake ya mwisho ni silabi moja huchukua *h* na kurudia irabu: *turvavyö* “mkanda wa usalama” huwa *turvavyöhön*.

Tofauti kati ya *autossa* na *autolla* inastahili kutazamwa kwa karibu. *Olen autossa* maana yake ni kwamba mwili wangu umo ndani ya gari. *Olen autolla* ina maana nyingine kabisa: nimekuja na gari, ninaendesha leo. Mfini akikaribishwa glasi ya mvinyo kwenye karamu na hataki kunywa kwa sababu ataendesha, husema *En ota, olen autolla*, na mwenyeji humwelewa papo hapo na kumletea maji au kahawa. Umbo hilohilo laweza pia kuonyesha mahali pa kukutana: *Nähdään autolla* ni “tukutane kwenye gari”, bila kudai kwamba mtu yeyote awe ndani yake.

Matumizi makubwa zaidi ya adessiivi kwa vyombo vya usafiri ni kueleza njia ya kusafiri, pale Kiswahili kinaposema “kwa”. Swali ni *Millä tulit?* “Ulikuja kwa nini?”, na majibu ni *bussilla*, *junalla*, *ratikalla* “kwa tramu”, *pyörällä*, *taksilla*, *omalla autolla* “kwa gari langu mwenyewe”. Aliyekuja kwa miguu hujibu *kävellen* au *jalan*. Huko Helsinki watu huziita tramu kwa majina ya namba zao, nayo pia hunyambuliwa: *nelonen* ni tramu namba 4, na aliyeipanda husema *tulin nelosella*. Hali kadhalika kwa nishati inayoendesha injini: *auto kulkee sähköllä* “gari linatumia umeme”, *auto käy dieselillä* “gari linatumia dizeli”.

Kwa hiyo mtu *matkustaa junalla* “husafiri kwa treni”, lakini *nukkuu junassa* “hulala ndani ya treni”. Ukisikia maana ya njia, tumia *-lla*. Ukisikia maana ya chumba kinachokuzunguka, tumia *-ssa*.

Majina ya miji nayo yamegawanyika katika makundi haya mawili, na mgawanyo wake hauna budi kukaririwa mji kwa mji. Helsinki, Turku, Espoo na Oulu ziko kundi la ndani: *Helsingissä*, *Turusta*, *Espooseen*, *Ouluun*. Tampere, Vantaa na Rovaniemi ziko kundi la nje: *Tampereella*, *Vantaalta*, *Rovaniemelle*. Anayekata tiketi kutoka Turku kwenda Tampere ataomba safari ya *Turusta Tampereelle*, umbo moja kutoka kila kundi katika pumzi moja.

Hatua ya nne: vitenzi vinavyodai mwelekeo pale tusipoutarajia

Hapa ndipo Mswahili hukosea zaidi. Chanzo cha makosa hayo si uvivu, bali ni kwamba lugha yake ya kwanza haimwandai.

Vitenzi *unohtaa* “kusahau”, *jättää* “kuacha” na *jäädä* “kubaki” hudai umbo la kuingia. Aliyesahau funguo ndani ya gari husema *Unohdin avaimet autoon*, kana kwamba funguo zilikuwa zikisafiri kwenda humo. Na *Laukku jäi bussiin* ni “mkoba umebaki kwenye basi”. Ukisema *unohdin avaimet autossa*, msikilizaji atafikiri kwamba tendo la kusahau lilitokea wewe ukiwa ndani ya gari. *Pysäköidä* “kuegesha” hufuata mkondo huohuo: *Pysäköin auton kadulle*, kwa umbo la kwenda, ingawa baada ya kuegeshwa gari liko *kadulla*.

Vitenzi *etsiä* “kutafuta”, *löytää* “kupata kilichopotea” na *ostaa* “kununua” hudai umbo la kutoka. *Etsin avainta autosta* ni “natafuta ufunguo ndani ya gari”, na *löysin avaimen penkiltä* ni “nimeukuta ufunguo juu ya kiti”. Mafuta yakiisha, Kifini husema kwamba yameisha kutoka ndani ya gari: *Autosta loppui bensa*.

Elatiivi ina kazi nyingine zisizo za mahali. *Pitää* kwa maana ya kupenda huidai: *Pidän tästä autosta* “nalipenda gari hili”. Bei hulipwa kwa umbo hilo: *Maksoin autosta 5 000 euroa*. Faini hueleza sababu yake kwalo: *Sain sakot ylinopeudesta* “nilitozwa faini kwa mwendo kasi”. Shukrani pia, na hii ni sentensi ya kushikwa siku ya kwanza: *Kiitos kyydistä!*, maana yake “asante kwa lifti”. Neno *kyyti* “lifti, usafiri wa kupewa” lina familia nzima inayofaa kukaririwa pamoja: *Pääsenkö kyytiin?* “Naweza kupata lifti?”, *olen kyydissä* “nimo kwenye lifti”.

Upande wa illatiivi, *luottaa* “kuamini” huidai, kama katika *En luota näihin jarruihin* “siziamini breki hizi”. *Nousta* “kupanda” huidai pia, *Nousen bussiin*. Kushuka ni *jäädä pois*, na anayetaka kumjulisha dereva au jirani aliyekaa kiti cha pembeni husema *Jään pois seuraavalla pysäkillä* “nashuka kituo kinachofuata”. Aliyesinzia akiendesha ana umbo lake la kuingia lisilosahaulika: *nukahtaa rattiin*, neno kwa neno “kupitiwa na usingizi kuingia kwenye usukani”.

Watu wanaotoa au kupokea kitu, tofauti na vyombo, huchukua kundi la nje. *Ostin auton naapurilta* ni “nimenunua gari kutoka kwa jirani”, na *Myin auton naapurille* ni “nimemuuzia jirani gari”. Katika kitenzi *lainata* umbo la nomino ndilo linaloamua maana nzima, kwa sababu kitenzi hicho, kama *kuazima* kwetu, huweza kuelekea pande zote mbili: *Lainasin auton veljeltä* ni kuazima kutoka kwa kaka, na *Lainasin auton veljelle* ni kumwazima kaka. Herufi mbili za mwisho ndizo zinazoeleza nani amebaki na ufunguo.

Hatua ya tano: yambwa, yaani gari lote au gari bado

Kifini huuliza swali ambalo Kiswahili hakiulizi kwenye nomino: je, tendo limeifikia yambwa nzima, yaani kitu kinachotendwa, na kumalizika, au bado linaendelea, au limekanushwa? Jibu huamua kama nomino itakuwa katika partitiivi au katika umbo la ukamilifu, ambalo kwa umoja mara nyingi hufanana na genetiivi (umbo la mwenye mali) na kwa wingi hufanana na nominatiivi (umbo la kiima).

*Korjasin autoa* maana yake nilikuwa nikitengeneza gari, labda mchana kutwa, na hatujui kama limepona. *Korjasin auton* maana yake nimelitengeneza na kazi imekwisha. Fundi anayemwandikia mteja sentensi ya kwanza anamwambia asubiri. Anayemwandikia ya pili anamwambia aje na pesa. *Ajan autoa* ni “naendesha gari”, tendo lisilo na ukingo, lakini *ajan auton talliin* ni “naliingiza gari bandani”, kwa sababu tendo lina mwisho wake.

Kanusho hudai partitiivi daima: *Ostin auton*, lakini *En ostanut autoa*, *Minulla on auto* “nina gari”, lakini *Minulla ei ole autoa*. Baadhi ya vitenzi hudai partitiivi siku zote, kama *odottaa*: mtu *odottaa bussia* hata kama basi limekwisha kuonekana. Mwendo pia husemwa kwa partitiivi, hivyo dereva anayefuata kikomo cha jumla cha kilomita 80 kwa saa nje ya miji *ajaa kahdeksaakymppiä*.

Katika amri na sentensi za lazima, umbo la ukamilifu hupoteza *n* yake: *Korjaa auto!* “Tengeneza gari!”, *Auto täytyy korjata* “gari halina budi kutengenezwa”. Kanuni hii huwatatiza hata wanafunzi waliofika mbali, kwa hiyo usiiharakishe. Anza na kanusho na kukamilika kwa tendo, kisha uje kwenye amri.

Baada ya namba kuanzia mbili, nomino huwa partitiivi ya umoja, si ya wingi: *kaksi autoa* “magari mawili”, *neljä rengasta* “matairi manne”. Partitiivi ya wingi hutumika kwa idadi isiyotajwa, nayo hubadilisha irabu kwa namna zinazohitaji kukaririwa na neno lenyewe: *autoja*, *busseja*, *junia*, *rekkoja*, *laivoja*, *pyöriä*, *renkaita*. *Korjaan autoja* ni jibu la fundi anayeulizwa kazi yake.

Hatua ya sita: genetiivi, vihusishi na upatanisho

Genetiivi ni rahisi kwa maana lakini hugeuza mpangilio. “Injini ya gari” ni *auton moottori*, mwenye mali akitangulia. Vihusishi vya mahali hufuata mpangilio huohuo: “chini ya gari” ni *auton alla*, “mbele ya basi” ni *bussin edessä*, “nyuma ya usukani” ni *ratin takana*. Vihusishi hivi navyo hubeba mwelekeo kwa sura tatu: paka aliyelala *auton alla* ametoka *auton alta* na kesho atarudi *auton alle*. Kauli *jäädä auton alle* ina maana ya kugongwa na gari, na ndiyo utakayoiona kwenye habari za ajali.

Upatanisho wa kivumishi ni eneo ambalo Mswahili ana faida kubwa, na aitumie. Aliyezoea kusema “gari jekundu” na “magari mekundu” hashangai kuambiwa kwamba kivumishi lazima kifanane na nomino. Katika Kifini kivumishi hutangulia na kuchukua umbo lilelile: *punainen auto*, *punaisessa autossa*, *punaiseen autoon*, *punaisilla autoilla*. Viambishi vya umilikaji huja baada ya kiambishi cha uhusika: *autossani* “garini mwangu”, *autossasi* “garini mwako”. Katika mazungumzo ya kawaida utasikia *mun autossa*, na hakuna ubaya kuongea hivyo, lakini barua rasmi ziandikwe kwa umbo kamili.

Hatua ya saba: maumbo yaliyobaki

Essiivi, yenye *-na*, hueleza hali ya kuwa kitu fulani: *Työskentelen bussinkuljettajana* “nafanya kazi ya udereva wa basi”. Translatiivi, yenye *-ksi*, hueleza kugeuka au kulenga: *Opiskelen bussinkuljettajaksi* “nasomea udereva wa basi”. Katika eneo la Helsinki, njia ya basi namba 550 ilipobadilishwa mwaka 2023 kuwa njia ya tramu ya mwendo kasi namba 15, mabadiliko hayo yaliweza kuelezwa kwa translatiivi: *Bussilinja 550 muuttui pikaratikaksi*. Essiivi utaisikia pia katika treni za mjini zinapotangaza kituo kinachofuata: *Seuraavana Pasila*.

Abessiivi, komitatiivi na instruktiivi zatosha kutambuliwa tu. *Autotta* “bila gari” huandikwa kwa nadra. Watu husema *ilman autoa*. Hata hivyo abessiivi ingali hai katika lugha ya sheria, ambapo kosa la kuendesha chombo bila haki ya kukiendesha huitwa *kulkuneuvon kuljettaminen oikeudetta*. Komitatiivi huonekana katika maneno kama *autoineen* “pamoja na gari lake”. Neno *jalan* “kwa miguu” tulilokutana nalo juu ni instruktiivi, umbo la namna ya kutenda, na si lazima kulijua jina hilo ili kutembea. Umbo la 15, akkusatiivi yenye *-t*, halihusu magari: ni la viwakilishi vya watu, kama *minut* “mimi” katika yambwa.

Hatua ya nane: soma ujumbe mmoja mpaka uuelewe wote

Mazoezi yenye faida kubwa kuliko majedwali ni kuchukua ujumbe mfupi wa kweli na kuuliza kila nomino kwa nini iko katika umbo hilo. Chukua ujumbe wa aina hii, ambao gereji yoyote ingeweza kuutuma:

*Autosi on valmis. Vaihdoimme moottoriin öljyt ja etujarruihin uudet palat. Oikeassa takarenkaassa on halkeama, joten suosittelemme uutta rengasta ennen katsastusta. Avaimet saat kassalta.*

Maana yake: “Gari lako liko tayari. Tumebadilisha oili ya injini na kuweka pedi mpya kwenye breki za mbele. Tairi la nyuma la kulia lina ufa, hivyo tunapendekeza tairi jipya kabla ya ukaguzi. Funguo utazipata kaunta.”

*Autosi* ni nominatiivi yenye kiambishi cha umilikaji, kwa kuwa gari ndilo kiima. *Moottoriin* na *etujarruihin* ni illatiivi, ya umoja na ya wingi, kwa sababu kitu kipya kimeingia mahali pa kile cha zamani. Kosa la kawaida hapa ni kuandika *moottorissa*. *Öljyt* na *uudet palat* ni yambwa kamili za wingi, maana kazi imekwisha. *Oikeassa takarenkaassa* inaonyesha mambo matatu kwa mkupuo: kivumishi kimepatana na nomino, *ng* ya *rengas* imekuwa *nk*, na ufa umo ndani ya tairi, hivyo inessiivi. *Uutta rengasta* ni partitiivi kwa kuwa *suositella* huidai, na *katsastusta* ni partitiivi kwa kuwa kihusishi *ennen* huidai pia. *Kassalta* ni ablatiivi: Kiswahili huona mahali tu, “kaunta”, lakini Kifini huona kitu kikitoka hapo na kuja mkononi mwako.

Kisha andika jibu, kwa mfano *Kiitos viestistä. Tulen huomenna bussilla ja haen auton*, yaani “Asante kwa ujumbe. Nitakuja kesho kwa basi na kulichukua gari.” Badilisha chombo kimoja kwa kingine, *junalla*, *pyörällä*, *ratikalla*, badilisha *haen auton* kuwa *en hae autoa vielä* “silichukui gari bado”, na uone nomino ikifuata kanusho, kisha waombe wakupe pia tairi lililopendekezwa, *Vaihtakaa rengas*, kwa umbo la amri lisilo na *n*.